Akifa Leo, Kesho Nani Anauzwa?
Namna ya kuongoza kikundi kinachosoma Kindred

Mara tatu nimeongoza vikundi vilivyosoma riwaya ya Kindred, na mara zote tatu mtu ameingia kikaoni na kitabu mkononi, hajakaa sawasawa kwenye kiti, ameshaanza kugomba. "Huyu Dana ana nini? Yule mtoto si angemwacha azame, yakaisha?" Mara ya kwanza nilikosea: nilimtuliza msemaji. Nikamtetea mhusika, nikaeleza nia ya mwandishi, nikasema tusubiri tufike mbele. Yule mama, mwalimu mstaafu ambaye kwa kawaida hanyamazi, alinyamaza mpaka tunaagana. Nilikuwa nimemnyang'anya kitu alichokuja nacho, na hakikuwapo kingine bora kuliko hicho sebuleni siku ile.

Tangu hapo nimejifunza kuipokea hasira hiyo, kuikaribisha mezani na kuipa kazi. Haya ninayoyaandika ni kwa yeyote anayetaka kuongoza mazungumzo ya kitabu hiki, iwe kikundi cha usomaji, darasa la fasihi au ndugu wawili wanaosoma nakala moja kwa zamu. Nitalazimika kutaja hata mwisho wa hadithi. Asiyependa kuujua akasome kwanza, atanikuta hapa.

Kisa ni hiki. Octavia Butler, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, alikitoa kitabu mwaka 1979. Dana, mwanamke mweusi, anatimiza miaka 26 tarehe 9 Juni 1976. Yeye na mumewe Kevin, mzungu, wamehamia nyumba mpya. Wote wawili ni waandishi. Katikati ya kupanga vitabu anashikwa na kizunguzungu, na akipata fahamu yuko kando ya mto asioujua, mtoto mwenye nywele nyekundu anazama. Anamwokoa. Mtoto ni Rufus Weylin, mwana wa mwenye shamba na watumwa katika jimbo la Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19. Kila Rufus anapokaribia kufa, Dana anavutwa kwake. Kila Dana anapoamini kwamba yeye mwenyewe anakufa, anarudi California. Safari ni sita. Mapema tu anatambua kwamba Rufus, pamoja na msichana mweusi aliyezaliwa huru aitwaye Alice Greenwood, ndio watakaomzaa Hagar, mwaka 1831, na kwamba Hagar ndiye aliyeanzisha orodha ya ukoo wao kwenye Biblia ya familia. Rufus akifa kabla ya hapo, Dana hazaliwi.

Sasa maandalizi. Usikigawe kitabu kwa kuhesabu kurasa. Kati ya utangulizi na hitimisho kina sehemu sita, nazo ni mto, moto, anguko, mapigano, dhoruba na kamba. Mimi hufanya vikao vitatu: sehemu tatu za kwanza, kisha mapigano peke yake, kisha zilizobaki. Mapigano yanahitaji jioni nzima, kwa kuwa humo ndimo Dana anapojua yeye ni nani kule, na wasomaji nao ndipo wanapoacha kusema "mimi ningefanya hivi" kwa wepesi.

Siku ya kugawa vitabu sema waziwazi yaliyomo: viboko, ubakaji, watu kuuzwa mbali na watoto wao, mtu kujinyonga. Yaseme kwa sauti ya kawaida. Nimeshaona kiongozi akiyapita kwa mafumbo, halafu binti mmoja akainuka katikati ya kikao cha pili, akatoka, asirudi. Mwambie kila mmoja kwamba kuruka ukurasa si uvivu, na kwamba anayeruka ana haki ya kubaki na kusikiliza.

Kuna pia lile tusi ambalo wazungu wa kitabu hiki wanawaitia weusi, limejaa kila mahali. Tukisoma kwa sauti, sisi hatulitamki. Msomaji akilifikia anatua, kama anayemeza mate, kisha anaendelea. Ule mtuo hulifanya lionekane zaidi. Kikundi kingine kinaweza kuamua vinginevyo, ila kiamue kabla ya kuanza, pasiwe na mtu anayeshtukizwa.

Halafu nunua karatasi ya manila na kalamu nene. Piga mstari katikati: upande mmoja andika HUKU, upande wa pili KULE. Jazeni pamoja kila safari ilichukua muda gani. Safari ya kwanza ni dakika chache kule na sekunde chache huku. Ya tatu inakaribia miezi miwili kule, na huku haijapita hata siku nzima. Kevin, aliyevutwa pamoja na Dana safari ya tatu, anapoachwa nyuma, yeye anaishi kule miaka 5, Dana amekaa nyumbani siku 8. Andikeni na umri wa Rufus kila safari: mtoto wa miaka kama 5 mtoni, kijana wa 12 anapovunjika mguu, mwanamume mzima mwishoni. Umri huu utawafaa sana. Chini kabisa ya karatasi acheni nafasi tupu ya upana wa kiganja.

Swali la "amefikaje kule?" litaulizwa, nanyi mlijibu haraka. Kitabu hakisemi. Hamna mashine, hamna nguvu za umeme, na Butler mwenyewe alikataa kukiita riwaya ya sayansi kwa sababu hiyohiyo. Katika kikundi chetu cha pili kijana mmoja alisema hilo halimsumbui hata kidogo: kwao mzimu ukimtaka mjukuu unamwita, na mjukuu hana hiari. Hakuna aliyempinga, nami nililipenda jibu lake kuliko nadharia zote nilizokuwa nimeziandaa.

Turudi kwenye hasira. Mtu akisema "angemwacha azame", usijibu. Liandike kwenye karatasi kwa maneno yake mwenyewe, kwenye safari anayoisemea. Kisha uliza swali moja tu, nalo ulirudie kwa kila safari mpaka lizoeleke mdomoni mwa kila mtu: akifa leo, kesho nani anauzwa?

Jibu hubadilika, na kubadilika huko ndiko mazungumzo yenyewe. Mtoni, jibu ni hakuna. Dana hata hamjui ni nani. Ameona mtoto anazama, ameingia majini. Anayesema angemwacha afahamu kwamba anazungumzia kumwacha mtoto wa miaka 5, naye aseme hivyo akiutazama ukurasa. Wapo wanaosema bado wangemwacha. Waandike. Kwenye mapigano hali ni nyingine. Rufus amembaka Alice, na Isaac, mume wa Alice ambaye ni mtumwa, anampiga Rufus karibu kumuua. Dana anamzuia. Hapa mimi hugawa kikundi nusu kwa nusu: hawa waseme kwa niaba ya Isaac, hawa kwa niaba ya Dana, dakika 10 kila upande, kisha wabadilishane. Upande wa Isaac hushinda karibu kila mara katika duru ya kwanza, na ni haki ushinde. Katika duru ya pili watu hukumbuka kwamba baba yake Rufus yuko hai, ana bunduki na mbwa, na sheria yote ni yake. Halafu wanaendelea kusoma na kuona yaliyompata Isaac ingawa Rufus hakufa: alikatwa masikio, akauzwa Mississippi. Alice, aliyezaliwa huru, kwa kosa la kumsaidia mumewe kutoroka akararuliwa na mbwa na kununuliwa na Rufus yuleyule.

Baba mtu anapokufa na Rufus kurithi, swali linapata uzito wake kamili, na hapo kiongozi awe na mambo mawili matatu ya kweli ya kuwasomea, ili watu wajue Butler hakubuni kanuni za mchezo. Shamba la Weylin ni la kubuni, lakini eneo ni la kweli: pwani ya mashariki ya Maryland, karibu na mji wa Easton, wilaya ya Talbot. Hukohuko Talbot ndiko alikozaliwa Frederick Douglass mwaka 1818, mtumwa ambaye baadaye alikuja kuwa msemaji mkubwa wa watu wake. Alikuwa mtoto anaishi Baltimore bwana wake alipofariki. Akarudishwa Talbot, akapangwa mstari mmoja na wakubwa na wadogo, farasi na nguruwe, wote wathaminiwe bei na kugawiwa warithi. Wilaya jirani, Dorchester, ndiko alikozaliwa Harriet Tubman, mtumwa aliyetoroka mwaka 1849, baada ya mmiliki wake kufa na habari za kuuzwa kuanza kuzagaa. Bwana akifa madeni hudaiwa, mali huhesabiwa, na mali ni watu. Kwa hiyo watumwa wa shamba lile hawakuwa na haja ya kumpenda Rufus ili waogope kifo chake.

Nimeona nyuso zikibadilika hapo. Hasira haiondoki, ila inapanuka, ikamwacha Dana ikaenda kwenye utaratibu mzima uliofanya uhai wa mtu mmoja mbaya uwe ndio dari ya nyumba za watu wengi wema.

Swali la pili kwa wingi ni "kwa nini hakukimbia?" Hili lina jibu fupi ambalo wasomaji wengi, sijui kwa nini, hulisahau: alikimbia. Rufus alikuwa amemhadaa kwamba anazituma barua zake kwa Kevin. Alice akamwonyesha barua zenyewe, hazijatumwa. Usiku Dana akaondoka. Mwanamke aliyesoma, mwenye kumbukumbu ya ramani, mwenye karne na nusu ya maarifa mbele ya wote waliomzunguka, alikamatwa kabla hajafika popote, kwa sababu mtumwa mwenzake alimchongea. Akapigwa viboko. Someni ukurasa huo polepole. Kisha mwulize aliyesema "mimi ningepigana" angebeba nini, angelala wapi, angemwomba nani chakula. Muulize kwa upole. Mwambie pia jambo ambalo Butler alilisimulia: alianza kuiandika hadithi hii na mhusika mwanamume, akaona hawezi kumweka hai. Mwanamume mweusi wa wakati wetu, kwa jinsi tu anavyomtazama mtu machoni na kumjibu, angeuawa kabla hajajifunza kuinamisha kichwa.

Hapo lazima mumfikie Sarah, mpishi. Ningekuwa na jioni moja tu ya kitabu hiki, ningempa yeye. Sarah anapika, anafoka, anamtii Margaret Weylin, mama yake Rufus, na vijana katika vikundi vyangu humwona kibaraka. Dana mwenyewe anaanza kwa kumwona hivyo. Kisha inajulikana kwamba Tom Weylin, baba yake Rufus, aliwauza watoto wa Sarah, akambakishia Carrie tu, binti asiyeweza kusema, na pesa zikamnunulia Margaret fanicha mpya, vyombo vya kauri na mapambo ya nyumba. Zoezi langu ni hili: kila mtu achukue kipande cha karatasi, aorodheshe vitu anavyovikumbuka ndani ya nyumba kubwa ya Weylin. Meza, kabati, sahani, mapazia, chochote. Dakika tatu. Halafu someni ukurasa ule wa Sarah kwa sauti, mmoja asome, wengine watazame orodha zao. Wala usiseme neno. Sarah anazipangusa sahani zile kila siku. Akiudhi, Carrie yupo bado wa kuuzwa.

Baada ya hapo ndipo ueleze kitabu kilitoka wapi. Butler akiwa chuoni Pasadena alimsikia kijana wa rika lake akiwalaani wazee weusi kwa unyonge wao, kwa kuinama kwao miaka yote ile. Butler alimfikiria mama yake, mfanyakazi wa nyumbani aliyeingia nyumba za matajiri kwa mlango wa nyuma na kuvumilia maneno ili binti yake ale. Akataka kumpeleka mtu wa leo kule, akaone kama angesimama wima. Ukilieleza hili mwanzoni, watu watalikubali kwa adabu tu. Lieleze baada ya Sarah, na vijana wataanza kuwataja bibi zao.

Kuhusu Kevin nitasema machache. Wanaume kikaoni hukaa kimya anapojadiliwa, kwa kuwa ni mtu mwema na wanamtakia mema. Usiwashambulie, wala usimshambulie yeye. Waombe watafute mahali Kevin, akiwa kule, anapoona kwamba shamba la Weylin si baya kama alivyotarajia, na anapotamani enzi zile kwa safari za kwenda magharibi. Haongei kwa chuki. Ameketi mezani kama mgeni, mkewe amesimama na sinia. Waulize: kutoka alipoketi, asingeweza kuona nini? Mzee mmoja, baba wa watu, alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Asingeona jikoni." Tukaendelea na jibu hilo nusu saa nzima.

Sasa jambo la lugha, ambalo wasomaji wa Kiswahili hawana budi kulishika kwa makini kwa sababu lugha yetu ina maneno mengi ya utumwa, na kila neno limebeba historia yake. Wengi wakifika kwa Alice husema: "Kwa hiyo ni suria wa Rufus." Nilisema hivyo mimi mwenyewe zamani. Neno linapotosha. Katika sheria iliyofuatwa pwani yetu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru, ana nasaba ya baba yake na urithi, na mama hakupaswa kuuzwa tena, akawa huru bwana akifa. Huko Marekani ilikuwa kinyume: kanuni iliyoandikwa Virginia mwaka 1662 na kuenea katika majimbo ya utumwa ilisema mtoto hufuata hali ya mama. Kwa hiyo Joe na Hagar, watoto wa damu wa Rufus, ni mali ya baba yao. Anaweza kuwauza. Anamdanganya Alice kwamba amewauza, kumwadhibu, kumbe amewapeleka Baltimore, na Alice anajinyonga. Msomaji anayemwita Alice suria hataelewa kwa nini uongo ule ulitosha kumuua. Hata hivyo usiruhusu mtu atoke kwenye ulinganisho huo akisema basi utumwa wa kwetu ulikuwa mwema. Suria hakuulizwa kama anataka. Amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa kisheria Zanzibar iliwaacha nje masuria, wakasubiri hadi 1909.

Jina Hagar lenyewe halihitaji maelezo marefu kwetu; ni Hajiri, na Mwislamu na Mkristo wote wanamjua. Alice aliwachagulia wanawe majina ya watu wa Biblia waliowahi kuwa utumwani na wasibaki humo. Waache wanakikundi walione wenyewe, linafurahisha zaidi hivyo.

Kiungo kingine na pwani yetu nilikigundua kwa mkono. Kabla ya kikao cha pili nilipita duka la vitambaa, nikakata mita moja ya merikani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, chenye vidoa vidogo vya kahawia. Nikakiweka katikati ya meza bila maelezo, kikapita mkono kwa mkono. Shangazi mmoja akakinusa, akasema kinanuka gunia. Tulipomaliza kusoma Isaac alivyouzwa Mississippi, nikauliza: auzwe Mississippi akafanye nini? Akachume pamba. Pamba ya kusini ilipelekwa viwanda vya Massachusetts ikafumwa, na wafanyabiashara wa Salem wakaileta ikiwa kitambaa kwa merikebu mpaka Unguja ya Sayyid Said, mtawala aliyetia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Watu wa pwani wakakiita kwa jina la kilikotoka. Kikapanda bara kama fedha, kikanunua pembe za ndovu, na mara nyingi kikanunua watu. Sikuhitaji kusema zaidi. Shangazi alikirudisha mezani, akajipangusa viganja kwenye kanga yake.

Kuanzia hapo, hasa mkiwa watu wa pwani au mna jamaa pwani, mazungumzo yatavuta kuelekea nyumbani, na hapa kiongozi awe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Kwetu zipo familia ambazo mtu hujua bibi yake alikuwa nani na halisemi. Zipo nyingine ambazo babu alimiliki watu, na hilo nalo halisemwi. Zipo zilizo na vyote viwili mezani pamoja kila Idi, kama damu ya Dana ilivyo na Rufus na Alice. Kwa hiyo usimwulize mtu asili yake, hata kwa mzaha. Ukiona mtu anamzungumzia Hagar kwa uchungu usiolingana na kurasa, mwache azungumze kuhusu Hagar. Katika kikundi changu cha tatu kaka mmoja alibaki nyuma akinisaidia kuosha vikombe, akaniambia jambo moja la ukoo wao ambalo mama yake alimwambia akiwa anakata roho. Sikumwuliza swali. Nilimpa taulo, tukamaliza vikombe.

Jaribuni pia kulitafsiri jina la kitabu, mkipata nafasi. Ni neno la jamaa, watu wa damu. Kikundi cha kwanza kilitaka "Ndugu", cha pili kikasema ndugu ni tamu mno kwa mtu kama Rufus, kikachagua "Damu". Cha tatu kiligombana mpaka saa nne usiku, hakikupata neno. Mimi nasimama na "Jamaa", kwa kuwa jamaa humchagui na huwezi kumkana mbele ya wanaowajua wote wawili. Lakini chukueni mnalolipata, mradi kila anayependekeza neno aeleze Rufus anakaa wapi ndani yake.

Kikao cha mwisho kifikeni mapema. Dana anamuua Rufus kwa kisu anapotaka kumbaka, naye anarudi nyumbani mkono wake wa kushoto umekwama ukutani. Wengi watataka kuujadili mkono. Waruhusu kidogo, kisha waambie mtarudi. Fungueni hitimisho. Dana na Kevin wanakwenda Maryland ya 1976, wanatafuta kumbukumbu, wanapata magazeti ya zamani: Rufus ameteketea kwa moto nyumbani mwake, na watumwa wake wanauzwa. Hapo msisome zaidi. Rudini kwenye nafasi ile tupu chini ya manila. Kila mmoja aandike majina ya watu wa shambani anaowakumbuka, yote, hata yule aliyetajwa mara moja. Itachukua muda. Watu watabishana, watafungua kurasa, watakumbushana. Kisha someni kwa sauti nani yumo kwenye tangazo la mnada na nani hayumo, na mtu mmoja aweke alama. Carrie na mumewe Nigel hawamo. Joe na Hagar hawamo. Wana watatu wa Nigel wamo. Wengine wote wamo.

Mwalimu mstaafu niliyemnyamazisha mara ya kwanza alikubali kurudi kwenye kikundi cha tatu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Juu kabisa ya karatasi, kwenye mstari wa mto, maneno yake ya kwanza yalikuwa bado yapo, nimeyaandika mimi: angemwacha azame. Alipofika kwa Sarah alitia alama, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaniuliza, "Mwanangu, huyu sasa ni mtu mzima. Wamempangia bei gani?"